Mpira wa kuchomeka kwenye mfumo wa petroli: klipu iwekwe au isiwekwe?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina Corolla DX ya zamani, KE70. Nimetoa injini ya 4K ya kabureta nikaweka 4A-FE ya nozeli, inayonyunyiza petroli kwa presha. Kwa upande wa mafuta nilinunua Gerezani, Dar es Salaam, mpira mweusi na fitingi za kuchomeka, zile za rangi nyekundu na bluu za magari ya mashindano, namba 6. Mpira nimeupitisha ndani ya gari, toka kwenye buti hadi mbele. Muuzaji alisema fitingi hizi hazitaki klipu. Fundi wangu hakuamini: mpira ulikuwa mgumu kuingia, akapasha ncha kwa kiberiti cha gesi, kisha akafunga klipu za kawaida kila kiungo. Gari linawaka vizuri na hakuna tone linalodondoka, lakini ndani kunanuka petroli, hasa asubuhi. Nani yuko sahihi, na nifanye nini? Pia kuna kipande cha mpira huohuo ndani ya tangi, kwenye pampu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, gari hilo lisiwashwe tena mpaka kazi irudiwe, na lisilale kwenye banda lililofungwa wala karibu na jiko. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Tanga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, na kusubiri cheche. Harufu unayoikuta asubuhi ndiyo mvuke wenyewe. Watu wengi wakishaona hakuna tone hujipa moyo kwamba ni harufu tu. Mimi naihesabu kuwa uvujaji kamili, na uvujaji wa ndani ya gari ni mbaya kuliko wa chini ya gari, kwa kuwa hakuna upepo wa kuuondoa. Chomoa waya wa hasi wa betri, fungua milango na buti, kisha tuendelee.

Kuhusu klipu, muuzaji yuko sahihi na fundi wako amekosea. Lakini muuzaji naye hakumaliza maneno. Fitingi hizo hazitaki klipu zikiwa zimevishwa mpira uliotengenezwa kwa ajili yake. Mpira na fitingi ni jozi. Ukiivunja jozi, klipu haiirudishi, na ukiwa nayo jozi kamili, klipu inaiharibu. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Chukua fitingi moja uitazame kwa karibu. Shina lake lina meno kadhaa. Kila jino lina mteremko mrefu upande wa mdomoni na ukingo mkali upande wa nyuma. Nyuma ya meno kuna kola, ya plastiki au ya alumini, inayofunika mwisho wa mpira. Sasa kata kipande cha mpira wako utazame tundu lake: kuna tabaka la ndani linaloguswa na petroli, katikati kuna nyuzi zilizosukwa kimshazari, na nje kuna tabaka la kukinga joto, jua na mikwaruzo. Siri iko kwenye ule msuko. Mpira ukivutwa utoke kwenye shina, msuko unarefuka na kujibana, kwa hiyo kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kulikaba lile shina. Ni dema la wavuvi wa hapo kwenu: kuingia kuna njia, kutoka hakuna.

Ukiweka klipu juu ya kiungo cha namna hiyo, unaukandamiza mpira wa ndani dhidi ya ukingo mkali wa jino. Siku ya kwanza huoni kitu. Injini inatikisika, mpira unapata joto na kupoa, na ule ukingo unakata kidogo kidogo. Petroli ikishavuka tabaka la ndani inaingia kwenye nyuzi, na nyuzi zinaibeba mbali. Ndiyo maana mtu huona unyevu au malengelenge kwenye mpira shubiri nzima kutoka kwenye kiungo, naye anaendelea kukaza klipu isiyohusika. Na kila anapoikaza, anakata zaidi.

Moto wa kiberiti ni kosa la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa. Mpira ukipashwa unalainika na kutanuka, unaingia kirahisi kweli, lakini ule ugumu wa kuingia ndio ulinzi wako. Nyuzi za mpira uliopashwa hazilibani tena shina sawasawa, na mahali ulipoungua juu hupasuka mapema. Maji ya moto pia usitumie kwa fitingi za aina hii, hata ukimwona mtu anafanya hivyo. Njia ya kuzuia mpira usigome nitakueleza baadaye kidogo.

Nimtetee fundi wako kwa jambo moja: hakutoa klipu hewani. Alizizoea kwenye shina la aina nyingine, ambako ni lazima. Paipu ya chuma ya kiwandani haina meno; ina tuta moja la mviringo karibu na mdomo. Hapo mpira unavishwa mpaka upite tuta kwa sentimita mbili na ushei, na klipu inakaa nyuma ya tuta, si juu yake, ikiacha milimita chache hadi mwisho wa mpira. Klipu ndiyo inayoshika, tuta linazuia mpira usiteleze. Hata hapo, kwa injini ya nozeli sitaki ile klipu yenye mistari iliyotobolewa ambayo skurubu yake inazungukia humo. Mpira unajipenyeza kwenye yale matundu na kuchanika. Tafuta klipu ya mkanda mzima usio na matundu, kingo zake zimekunjwa kwa nje, inayofungwa kwa bolti ndogo. Inabana mviringo wote kwa usawa na haili mpira.

Kuna aina ya tatu, ambayo utaikuta kwenye magari mapya zaidi: paipu ya plastiki ngumu yenye kichwa cha kubofya na oringi (pete ya mpira ya kuziba) ndani. Unasafisha, unatia tone la oili, unasukuma mpaka isikike tak, kisha unavuta kuhakikisha. Hiyo haikuhusu leo. Ila usije ukakubali mtu akate kichwa hicho na kuvisha mpira kwa klipu juu ya plastiki nyororo isiyo na tuta. Plastiki inanywea, klipu inalegea, petroli inatoka.

Sasa nije kwenye mashaka yangu makubwa, nayo ni mpira wenyewe. Hukuniambia umeandikwa nini ubavuni. Usome. Mpira wa petroli unaojiheshimu una maandishi urefu wote. Kwa mipira ya kawaida ya klipu utatafuta alama ya kiwango, SAE J30, ikifuatiwa na R na namba. R6 na R7 ni ya kabureta, mafuta yanayorudi na mvuke, na kwa ukubwa huu imepimwa kwa psi 50 (psi ni kipimo cha presha). R9 ni ya nozeli, imepimwa kwa psi 100, na ndani ina tabaka la mpira wa fluoro unaostahimili petroli na joto kuliko mpira wa kawaida. Mpira wa kuchomeka mara nyingi hauna alama hizo za J30. Unakuwa na jina la mtengenezaji, presha, na orodha yake inayosema unafaa kwa kimiminika gani. Na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu mipira mingi ya kuchomeka ilibuniwa kwa ajili ya upepo wa kompresa, maji na oili. Kwa macho inafanana kabisa. Ukiona imeandikwa hewa na maji, psi 300, usifurahie ile 300. Hiyo inasema mpira hautapasuka kwa presha. Haisemi kama petroli itautafuna.

Na presha yenyewe si kubwa kiasi hicho. Pampu ya zamani ya 4K, ile ya kusukumwa na injini, ilikuwa inatoa psi chache tu. 4A-FE inataka takriban psi 38 hadi 44 ukichomoa kile kimpira cha vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), na pungufu kidogo ya hapo injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa hiyo umepanda karibu mara kumi. Kiungo kilichokuwa kinatoa jasho tu wakati wa kabureta sasa kitarusha petroli kama mvua nyembamba, juu ya injini yenye moto. Ndiyo sababu mpira wowote uliobaki wa zamani, hata ule mfupi wa upande wa tangi, utoke.

Kama mpira wako hauna maandishi yoyote, nafasi yake ni jalalani. Najua fedha imekwenda, lakini sina njia ya kukusaidia kuuokoa. Kuna jaribio moja linaloweza kuutia hatiani: kata kipande cha sentimita tano, kipime kipenyo, kitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli na kifuniko cha chuma, kiache siku mbili nje, mbali na watoto na moto. Usitumie chupa ya maji ya kunywa. Watu wameshakunywa petroli kwa sababu ya chupa hizo. Ukikitoa na kukuta kimevimba, kimelainika, au petroli imegeuka rangi ya chai, huo si mpira wa petroli. Kikibaki kama kilivyo, bado hakijathibitishwa kuwa kizuri, maana jaribio hili halipimi joto wala miaka. Linakamata wabaya sana tu.

Ukubwa nao una mtego wake. Namba 6 kwenye fitingi hizi maana yake ni sehemu 6 za 16 za inchi, yaani 3/8, kama milimita 9.5. Madukani kuna mpira wa milimita 10 unaouzwa kama ndio huohuo. Kwenye shina lenye tuta na klipu ile nusu milimita unaweza kuibana. Kwenye shina la meno bila klipu, nusu milimita hiyo ndiyo mshiko wote. Mpira ukiingia kwa mkono mmoja bila jasho, ukatae.

Kipande cha ndani ya tangi kitoe leo hiihii. Mpira mwingi wa mafuta, hata ulio mzuri, umetengenezwa kwa petroli kupita ndani yake, nje ukiguswa na hewa. Tabaka la nje halikuumbwa kuogelea kwenye petroli. Linavimba, linabanduka, na makombo yake yanaishia kwenye chujio la pampu. Mpira wa kuzamishwa una namba yake, R10, na ni ghali hasa. Unauzwa vipande vifupi. Nunua huo tu, wenye maandishi, na kwenye pampu ufunge kwa klipu za mkanda kwa kuwa mashina ya pampu hayana meno ya kuchomeka.

Sasa tukubaliane njia ya mpira. Kupitisha mpira wote ndani ya gari umeiga magari ya mashindano, na hayo hukinga mafuta dhidi ya mawe kwa kuyapitisha ndani. Lakini ndani kule mara nyingi ni paipu ya chuma au mpira uliofumwa kwa waya, unganisho ni chache, na dereva hajafunga watoto kiti cha nyuma. Mpira wa kawaida, hata ukiwa mzima, unapitisha mvuke kidogo kidogo kwenye kuta zake. Kwenye kipande cha nusu mita chini ya boneti hutanusa kitu. Kwenye mita nne ndani ya gari lililofungwa usiku kucha, utanusa. Sehemu ya harufu yako inaweza kuwa hii, na huwezi kuiondoa kwa kukaza chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa gari la barabarani ni huu: urefu mkubwa uwe paipu ya chuma chini ya gari, ikifuata njia ya paipu ya awali, na mpira uwe vipande vifupi viwili au vitatu, yaani kutoka tangi na pampu hadi paipu, na kutoka paipu hadi injini inakotikisika. Paipu ya zamani ya DX usiiamini bila kuikagua. Kwa umri wake ndani itakuwa na kutu, na kutu hiyo itakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Usitumie shaba tupu, maana kwa mtikisiko inakakamaa na kupasuka. Chuma cha paipu za breki, cha kipenyo kinachofaa, kinatosha.

Ukitaka kufunga fitingi zako za rangi kwenye paipu hiyo, kuna jambo dogo linalowaangusha mafundi wazuri. Koni ya fitingi hizi, yaani mdomo wake wenye mteremko, ina pembe ya nyuzi (digrii) 37. Kifaa cha kutanulia mdomo wa paipu kinachopatikana mtaani, kile cha mafundi friji na breki, kinatoa nyuzi 45. Kwa macho zinakutana vizuri, nati inakaza, na kiungo kinalia jasho milele kwa sababu koni mbili zinagusana kwenye mstari mwembamba badala ya uso mzima. Hakuna tepu ya teflon itakayoponya hilo. Isitoshe, tepu haitakiwi kabisa kwenye viungo vya koni. Kinachoziba ni chuma kwa chuma, si nyuzi za skurubu za nati. Makombo ya tepu yakikatika yanakwenda kuziba nozeli. Usipopata kifaa cha 37, piga tuta mwisho wa paipu na utumie mpira wa R9 na klipu za mkanda. Mimi binafsi, kwa gari la kila siku, ningechagua hivyo hata kama fitingi za rangi ningepewa bure. Vipuri vinapatikana popote, na fundi yeyote wa njiani anaweza kuvikagua.

Lakini tuseme umepata mpira sahihi na bado unataka fitingi za kuchomeka upande wa injini. Zitafanya kazi nzuri zikifungwa hivi.

Mpira wa zamani utoe bila kuumiza shina. Usiuvute kwa koleo, hautatoka. Shika kisu kimlalo, uanze sentimita mbili na nusu kabla ya mwisho wa mpira, uchane kwa urefu kuelekea kwenye kola, kisha ukunje mpira pembeni kwa nguvu uubandue. Ukiweka kisu wima utakwaruza meno, na mkwaruzo mmoja unaovuka jino ni mfereji wa petroli. Pitisha ukucha juu ya kila jino pande zote. Ukucha ukikwama kwenye mkato, fitingi hiyo itupe. Hapa pia ndipo utakapouona ukweli wa klipu: geuza ncha ulizozitoa, zipasue, utazame tabaka la ndani. Ukiona pete za mikato zinazolingana na meno, umeshajua petroli ilikuwa inatokea wapi.

Kata mpira mpya kwa kisu chenye wembe mpya, juu ya ubao, kwa kuusukuma mara moja mkato uwe mraba kabisa. Msumeno wa chuma usiuguse. Unaacha nyuzi zimechambuka na unga wa chuma ndani. Ukate kwa kuzidisha kidogo, kwa sababu mpira ukipata presha hubadilika urefu, na injini nayo hucheza. Mpira uliovutika kama uzi wa gitaa siku moja utajichomoa. Kabla hujasukuma chochote, panga kona. Fitingi yenye kona ya nyuzi 90 ukishaichomeka hutaizungusha tena bila kuharibu mshiko, kwa hiyo ipeleke kwenye gari kwanza, itazame itaelekea wapi, piga alama ya chaki kwenye mpira na kwenye fitingi.

Funga fitingi kwenye vaisi, meno ya vaisi yakiwa yamefunikwa kwa mbao au alumini laini, maana fitingi hizi ni laini na zinabonyea. Tia tone la oili nyepesi ya injini ndani ya mdomo wa mpira na jingine kwenye meno. Tone, si kumwaga. Maji ya sabuni yanafaa pia. Grisi na silikoni hapana: zinabaki, mpira unateleza baadaye, na silikoni ikifika kwenye sensa ya oksijeni inaiua. Shika mpira karibu na mwisho, sentimita nne au tano tu, kwa glavu yenye mpira kiganjani. Ukishika mbali utajikunja na hutafika. Weka jino la kwanza, kisha egemeza uzito wa mwili na sukuma moja kwa moja bila kusimama mpaka mwisho wa mpira uingie chini ya kola na kugota. Ni kazi ya kutoa jasho. Watu hukata tamaa kwenye jino la mwisho, wakaacha pengo la milimita tatu wakidhani inatosha. Haitoshi. Mwisho wa mpira usionekane kabisa nje ya kola. Ukishindwa katikati na mpira umepumzika, vua, kata ncha ile, uanze upya, usiendelee kuuzungushazungusha.

Nati za namba 6 nyingi zinataka spana ya inchi 11/16, ambayo ni milimita 17.5 hivi. Spana ya 17 haiingii, ya 18 inacheza na kula pembe za alumini. Azima spana ya inchi. Paka tone la oili kwenye nyuzi za skurubu, kaza kwa vidole mpaka koni zikutane, kisha shika fitingi kwa spana moja na nati kwa nyingine, ukaze kama robo mzunguko au chini ya hapo. Alumini ikizidishiwa nguvu inapasuka koni, na ufa huo huuoni.

Upande wa injini, filta ya Toyota yako inaunganishwa kwa bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati. Utahitaji kiunganishi cha kutoka banjo kwenda namba 6. Washa zake mbili (pete bapa za kuziba), moja kila upande, ziwe mpya kila unapofungua. Kipimo cha kukaza ni kama Nm 29, nguvu inayosomwa kwenye spana ya kipimo. Washa ya zamani imeshabonyea kwa sura ya uso wa zamani, na kuigeuza upande wa pili ni kujidanganya.

Njiani, mpira ukae angalau shubiri moja mbali na bomba la moshi, au uwekewe bati la kukinga joto. Kila unapopita kwenye bati, weka grometi, ile pete ya mpira inayofunika kingo za tundu. Mkunjo wake usiwe mkali. Kwa ukubwa huu nusu kipenyo cha sentimita nane ni salama. Ufunge kwa vishikizo vyenye mpira, na uache nafasi ya kutosha kati yake na nyaya za umeme.

Kitu kimoja kinachohusu umeme nakuomba usikipuuze. Kwenye mabadiliko ya injini kama haya, pampu mara nyingi huungwa moja kwa moja kwenye swichi. Toyota iliweka rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayozima pampu injini ikizimika yenyewe, kwa sababu iliyo wazi: gari likigonga, mpira ukikatika, na swichi ikiwa bado imewashwa, pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka tangi liishe. Hakikisha rilei hiyo ipo na inafanya kazi. Washa injini, izime kwa kuchomoa waya wa koili huku swichi ikiwa bado imewashwa, usikilize: pampu inyamaze. Jaribio hili lifanye mwishoni kabisa, viungo vikishapita.

Kupima viungo, toa gari nje, mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe pembeni na wewe ujue pini yake inavyochomolewa. Injini ikiwa imezimwa na ya baridi, fungua kile kisanduku cha daiagnosia karibu na injini, uunganishe tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Pampu itafanya kazi na njia nzima itapata presha, huku hakuna kinachozunguka wala kuungua. Chukua karatasi nyeupe kavu, mpya kwa kila kiungo, uikandamize kuzunguka kola, nati, washa za banjo. Macho hukosa jasho la petroli kwa kuwa linakauka upesi, karatasi haikosi. Acha pampu dakika tano, pima tena. Jaribu kuvuta kila mpira kwa mkono ukiwa na presha.

Kisha washa injini, ipate moto kabisa, uzime, uache robo saa joto lipande kwenye boneti, upime tena kwa karatasi. Funga milango na buti, gari lilale nje usiku huo, na asubuhi, kabla ya kufungua mlango wote, ufungue kidogo tu unuse. Ukiikuta harufu tena, usirudi kwenye klipu. Anza kwenye gasketi ya kifuniko cha pampu juu ya tangi na mpira wa mdomo wa kujazia mafuta, kwa sababu viungo ulivyopima vitakuwa vimeshajieleza.